Karne ya resi, Excel au fidusieri: nini kinamtetea mwenye nyumba wa Lubumbashi siku ya kontroli

Wenye nyumba wengi wa Lubumbashi hujipanga kinyumenyume. Barua ya kontroli ya kodi inafika, wanakimbilia kwa fidusieri, yaani mtaalamu wa uhasibu na kodi. Fidusieri anaomba hesabu za mwaka, wanatafuta kijana wa kuwatengenezea Excel. Kijana anaomba resi, na hapo ndipo nyumba nzima inaanza kuulizana karne, yaani kitabu cha resi za pango, iko wapi. Tumevipima vitu hivi vitatu kwa kazi moja tu: siku ajenti wa DRHKAT, ofisi ya mapato ya mkoa wa Haut-Katanga, anapokaa mezani na kuuliza pango la mwaka uliopita, kipi kinajibu? Hukumu yetu ni kwamba karne ya bei ndogo, ikijazwa sawasawa mwezi hadi mwezi, inafanya kazi kubwa kuliko hivyo viwili vingine. Excel ni msaidizi wake. Fidusieri ni wa hali maalumu, ila ukiwa ndani ya hali hizo usijaribu kumkwepa.

Kwanza kodi yenyewe, maana chombo kizuri ni kile kinachojibu maswali ya kodi hiyo na si ya kodi nyingine. IRL, yaani kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha, inatoka katika amri-sheria nambari 69-009 ya tarehe 10 Februari 1969, ambayo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 204, iliikabidhi kwa mikoa pamoja na kodi ya ardhi na majengo na kodi ya magari. Ndiyo sababu anayebisha hodi Lubumbashi ni DRHKAT, si DGI, ofisi ya kodi ya taifa. Kiwango ni 22% ya pango. Mpangaji akiwa kampuni au shirika, anakata 20% kabla ya kukulipa na kuipeleka serikalini kwa niaba yako; wewe unakamilisha 2% iliyobaki unapotoa tangazo la mwaka, yaani taarifa ya pango unayoipeleka ofisini, kabla ya tarehe 1 Februari ya mwaka unaofuata. Mpangaji wa kawaida, anayekaa na familia yake pale Katuba au Kalubwe, hakati chochote. Hapo 22% yote inakungoja wewe.

Asilimia hizo zinapigwa juu ya pango zima, bila kutoa gharama. Kupaka rangi, kubadilisha mabati, kuchimba shimo jipya la choo, riba ya mkopo wa banki: hakuna hata kimoja kinachopunguza msingi wa IRL. Tunalisisitiza hili kwa sababu mashauri mengi ya mtandaoni kuhusu kodi za nyumba yameandikwa kwa ajili ya Marekani. Kule mwenye nyumba hutoa matengenezo, bima, riba, na tena hutoa uchakavu wa jengo la makazi unaogawanywa kwa miaka 27.5. Programu kama Stessa imejengwa juu ya hesabu hizo, na makundi yake yanafuata fomu ya Kimarekani iitwayo Schedule E. Kwa mwekezaji wa Texas ni chombo cha kazi. Kwa mwenye lupango (kiwanja chenye nyumba) wa Kampemba inakusanya kwa bidii habari ambazo hakuna ajenti atakayeziuliza, na inaziacha zile atakazoziuliza: makato ya 20%, fedha mbili (faranga na dola), garanti (pesa ya dhamana ya mpangaji). Hatuipendekezi hapa.

Kwa hiyo mkakati wa halali wa mpangishaji wa Lubumbashi una uwanja mwembamba. Hapunguzi kodi kwa gharama. Anazuia kulipa mara mbili, anazuia kutozwa pango ambalo hakupokea, na anazuia penalite, yaani faini ya kodi. Mambo yote matatu ni ya makaratasi.

Karne ya resi: 9 kwa 10

Zipo za aina mbili. Ya kwanza ina karatasi moja: unakata resi, unampa mpangaji, unabaki na kipande chembamba pembeni. Ni afadhali kuliko mikono mitupu, lakini kipande kile kinajazwa na mwenye nyumba peke yake, mara nyingi baadaye na kwa kukumbuka, na ajenti mzoefu anakipa uzito mdogo. Ya pili ina nakala mbili, nyeupe juu na ya rangi chini, na maandishi yanashuka yenyewe bila kaboni. Nunua hii ya pili. Nakala ya chini ina mwandiko uleule, sahihi zilezile na tarehe ileile aliyoondoka nayo mpangaji. Ajenti akienda kumwomba mpangaji resi yake, karatasi mbili zitasema neno moja.

Papetri (duka la karatasi na kalamu) ya katikati ya mji itakutolea kadhaa. Angalia namba: ziwe zimepigwa chapa, mfululizo, bila kuruka. Karne ambayo namba unaziandika mwenyewe inaweza kujazwa yote usiku mmoja, na kila mtu anajua. Fungua seti ya mwisho uone kama nakala ya chini imebanwa imara, kwa sababu karne zenye gundi dhaifu huanza kumwaga karatasi zikifika nusu. Omba kujaribu kuandika kwenye kipande cha karatasi hiyohiyo. Maandishi ya chini yakitoka ya kijivu hafifu leo, baada ya miaka mitano hayatasomeka.

Andika kwa Bic ya kawaida, kwa kukandamiza. Kalamu za wino laini zinapendeza juu na hazishuki chini. Chini ya seti unayoandika weka kipande cha kartoni. Ukisahau kartoni, pango la Januari litajichora kwenye resi za Februari na Machi, na karne iliyo safi kabisa itaonekana kama imechezewa.

Resi iliyokosewa haichanwi. Piga mistari miwili, andika ANNULÉ (imefutwa), bakiza nakala zote mbili ndani. Namba ikikosekana, ajenti ana haki ya kuuliza ni pango gani lilipitia hapo, na wewe huna jibu zaidi ya mdomo wako.

Sasa kinachoandikwa. Tarehe ya kupokea pesa. Jina la mpangaji kama lilivyo katika kontra (mkataba wa upangaji), si jina la mtaani. Avenue, namba na komuni. Mwezi unaolipiwa, tena kwa jina la mwezi na mwaka: «Machi 2025», si «mwezi mmoja». Kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Aina ya fedha. Njia ya malipo: mkononi, banki, M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, na namba ya muamala. Sahihi mbili. Pango likiwa la dola, ongeza kiwango cha siku hiyo cha Banki Kuu ya Kongo pembeni. Watu hulipuuza hilo la mwisho, na mwaka 2025 ulionyesha gharama yake: faranga ilipata nguvu mbele ya dola ndani ya miezi michache, na yeyote aliyegeuza pango la mwaka mzima kwa kiwango cha siku moja alipata jumla isiyofanana na ile ya resi zake.

Malipo ya miezi mingi kwa pamoja yaandikie resi moja kama ni pesa moja, lakini taja kila mwezi. Mtu akilipa mwezi wa Novemba pango la miezi sita, miezi minne iko mwaka unaofuata. Karatasi ikisema miezi yenyewe, mazungumzo kuhusu mwaka gani yana pa kuanzia. Ikisema «miezi sita» tu, ajenti ataipanga anavyoona yeye.

Garanti inastahili aya yake, maana hapa ndipo hesabu nyingi za Lubumbashi zinapovunjika. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu upangaji usio wa kibiashara inaweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Pesa hiyo ni ya kurudishwa, si pango. Iandikie resi yake, yenye neno GARANTI kwa herufi kubwa, na usiichanganye kamwe na pango la mwezi wa kwanza kwenye karatasi moja. Ukiandika «dola 1,400» kwa mpangaji aliyetoa garanti ya miezi mitatu na pango la mwezi mmoja la 350, ajenti anasoma pango la 1,400. Na mwishoni mpangaji akila garanti, yaani akikaa bila kulipa mpaka iishe, kama wengi wanavyofanya, basi siku hiyo garanti imegeuka pango: andika resi mpya ya pango, taja miezi iliyoliwa, na rejea namba ya resi ya garanti. Bila hivyo mpangaji anaonekana alikaa miezi mitatu bila kulipa, na hakuna ajenti atakayeamini.

Udhaifu wa karne ni wa kimwili. Mvua za Novemba hadi Machi zinaingia chini ya mabati, mchwa wanapenda karatasi, na karne iliyokaa ndani ya dashibodi ya gari inafifia rangi. Piga picha ya kila nakala siku ileile, weka karne zilizojaa ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko, na uzitunze miaka 10, ambao ndio muda ambao sheria za OHADA zinawataka wafanyabiashara kutunza vitabu vyao. Mwenye wapangaji wengi kwenye lupango moja awe na karne moja kwa lupango. Mwenye nyumba tatu zenye mpangaji mmoja mmoja anaweza kutumia moja, mradi anwani isikosekane. Tumeipunguzia alama moja kwa sababu haijumlishi. Kujumlisha ni kazi ya chombo kinachofuata.

Excel: 7 kwa 10

Excel au Google Sheets, vyote vinatosha. Cha pili kina faida kwamba kinaonyesha nani alibadilisha nini na lini, jambo lenye maana kama mtoto wako au meneja ndiye anayejaza. Mstari mmoja kwa resi moja, namba ya resi ikiwa safu ya kwanza. Kisha tarehe, anwani, mpangaji, mwezi unaolipiwa, pango kamili, makato ya 20%, pesa iliyoingia mkononi, aina ya fedha, kiwango cha siku, njia ya malipo na namba ya muamala. Safu ya mwisho iwe ya maneno: «garanti imeliwa», «nyumba tupu tangu tarehe 12». Jumla kwa kila nyumba na kila mpangaji inatoka kwa SUMIFS, na hiyo ndiyo fomula pekee unayoihitaji sana.

Kosa linaloletwa na Excel yenyewe: kompyuta nyingi za hapa zimewekwa kwa Kifaransa, na huko desimali ni koma. Ukiandika 450.50 kwa nukta, Excel inaichukua kama maandishi. Inaonekana sawa kwa macho, lakini SUM inairuka kimya kimya na jumla ya mwaka inapungua. Dalili ni kwamba namba halisi hukaa upande wa kulia wa chumba chake na maandishi hukaa kushoto, kama hukuzipanga kwa mkono. Pitisha macho kwenye safu ya pango kabla ya kuamini jumla yoyote. Tarehe nazo: faili iliyofunguliwa kwenye simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani inaweza kusoma 02/01 kama tarehe 1 Februari. Andika mwezi kwa herufi.

Kosa linaloletwa na mwenye nyumba ni kubwa zaidi. Kampuni inapanga nyumba kwa dola 600, inakata 120, inaweka 480 kwenye akaunti. Mwenye nyumba anaandika 480 kwa sababu ndizo alizoziona. Mwisho wa mwaka anatangaza 480 mara idadi ya miezi, wakati kampuni imetangaza 600 mara miezi ileile. Ajenti ana karatasi zote mbili. Tofauti hiyo haina uovu wowote ndani yake, lakini inaonekana kama kuficha, na inafungua mlango wa kukagua nyumba nyingine zote ulizonazo. Ndiyo sababu tunataka safu tatu: pango kamili, makato, mkononi.

Chukua mwaka mmoja wa nyumba moja pale Bel-Air. Miezi mitano familia inalipa 350. Miezi miwili nyumba ni tupu. Miezi mitano kampuni inalipa 600. Pango la mwaka ni 1,750 na 3,000, jumla 4,750. IRL ya 22% ni dola 1,045. Kampuni imeshakata 20% ya 3,000, yaani 600. Unabaki kulipa 445: kati yake 385 ni 22% ya pango la familia, na 60 ni ile 2% ya pango la kampuni.

Sasa ondoa karatasi moja moja uone thamani yake. Hati ya makato ya kampuni ikikosekana, ile 600 haihesabiwi, na unaidaiwa tena ingawa ilikwisha kukatwa kwako. Ushahidi wa miezi miwili ya nyumba tupu ukikosekana, ajenti anaongeza 700 za pango na 154 za kodi. Resi za familia zikikosekana kabisa, anaweza kuchukua pango la kampuni, ambalo ni kubwa, na kulitandaza juu ya mwaka mzima: 7,200 badala ya 4,750. Hakuna ujanja wa mshauri yeyote unaoweza kukuokolea kiasi kama hicho kwenye nyumba moja.

Hiyo hati ya makato, *attestation de retenue locative*, ombeni kila robo mwaka, msingoje Januari. Kampuni za migodi na wakandarasi wao hubadilisha wahasibu, hufunga ofisi, huhama kwenda Kolwezi, na mwezi wa Januari anayejibu simu haijui nyumba yako. Hati iwe na jina lako kama lilivyo kwenye sertifika (hati ya umiliki) ya lupango, namba yako ya kodi, anwani ya nyumba, miezi, pango kamili, kiasi kilichokatwa, na uthibitisho kwamba kimelipwa. Neno la mwisho ndilo zito. Kampuni inaweza kukata na isipeleke. Omba nakala ya hati ya malipo ya banki uibane nyuma.

Kontra nyingi za kampuni zina mtego mwingine: pango «neto». Ukikubaliana 600 neto, maana yake unapokea 600 na kampuni inabeba kodi. Lakini kodi anayolipa mpangaji kwa niaba ya mwenye nyumba inahesabiwa kuwa sehemu ya pango. Pango kamili si 600; ni 600 gawanya kwa 0.80, yaani 750. Makato ni 150, IRL kamili ni 165, na bado unadaiwa 15 kwa mwezi. Watu wanaona «neto» wanadhani wamemaliza. Iandikwe kwenye kontra nani anabeba na ile 2%.

Excel peke yake si ushahidi. Ni faili uliyoiandika wewe na unayoweza kuibadilisha leo asubuhi. Tarehe 31 Desemba ichape, weka sahihi kila ukurasa, ifungie PDF na uiache hivyo. Marekebisho ya baadaye yaende kwenye karatasi tofauti yenye sababu.

Ujumbe wa simu

Wengine wametuambia hawahitaji karne kwa kuwa pango lote linapita M-Pesa au Airtel Money. Ni nusu ya kweli. Muamala unaonyesha pesa ilitoka kwa nani kwenda kwa nani na saa ngapi, lakini hausemi ni ya nini. Shemeji akikutumia 350 za matanga, na mpangaji akakutumia 350 za pango, kwenye orodha ni mapacha. Tena simu inaibiwa, SMS zinafutwa, na laini nyingi zimeandikishwa kwa jina la mtoto au mke. Tumia laini moja kwa pango tu, iliyoandikishwa kwa jina lililo kwenye kontra, omba orodha ya miamala kwa mtandao wako mara kwa mara na uichape, na bado kata resi yenye namba ya muamala. Alama 5, na ni kwa sababu ya tarehe zake ambazo hakuna anayeweza kuzibishia.

Nyumba tupu

Hakuna anayeuza chombo cha hili, na ni pengo. Ajenti anaanza na dhana kwamba nyumba ya kupangisha imepangishwa miezi 12. Kumwonyesha vinginevyo unahitaji barua ya mpangaji ya kuondoka yenye tarehe, orodha ya hali ya nyumba siku ya kutoka yenye sahihi za pande mbili, na kontra mpya yenye tarehe ya kuingia. Ongeza picha ya mita ya umeme ya SNEL siku ya kutoka na siku ya kuingia: namba ikiwa karibu ileile, nyumba haikuwa na mtu. Hiyo picha ni ya bure na haichukui dakika moja. Kama kulikuwa na ujenzi, fakturi (ankara) za saruji na za fundi, ambazo hazipunguzi kodi, hapa zinapata kazi: zinaonyesha kwamba nyumba isingeweza kukaliwa.

Umeme na maji yaliyotumiwa na mpangaji yatenganishwe pia. Kwenye lupango lenye mita moja, mwenye nyumba akikusanya pango na pesa ya SNEL kwa mkupuo mmoja, vyote vinasomeka kama pango. Resi mbili, au mistari miwili yenye maneno wazi.

Fidusieri: 4 au 9, kutegemea ni nani na ni kwa nini

Huduma hii haiwezi kupewa alama moja. Mwenye vyumba vinne pale Kenya au Kamalondo, wapangaji wote watu wa kawaida, karne imejaa vizuri: analipa mtu amfanyie kujumlisha. Hiyo ni 4. Mwenye nyumba tano za Golf zenye wapangaji kampuni, au ndugu saba waliorithi jengo la avenue Kapenda na sertifika bado ina jina la marehemu, au mtu ambaye mkononi ana *avis de vérification* (barua ya kumtaarifu kontroli): 9, tena aende mapema.

Kabla ya kulipa, uliza kama ofisi inaongozwa na mhasibu aliyesajiliwa katika ONEC, ile taasisi ya kitaifa ya wahasibu wataalamu iliyoundwa kwa sheria nambari 15/002 ya tarehe 12 Februari 2015, na omba namba ya usajili. Kisha omba barua ya kazi iliyoandikwa. Ndani yake iwemo kazi moja moja: tangazo la IRL la mwaka na nani analipeleka, tangazo la kodi ya ardhi na majengo, ambayo inakwenda kwa ukubwa na daraja la eneo, tarehe ileile, ulinganifu wa kontra, resi na hati za makato, kuhudhuria kontroli, na kuandika majibu. Hili la mwisho mara nyingi halimo, na unagundua siku ya barua kwamba ni fakturi nyingine.

Kazi ya fidusieri mzuri utaiona kwenye maswali yake ya kwanza. Akianza kwa kuomba kontra zote na karne zote, kaa. Akianza kwa kukuahidi atakutolea gharama za matengenezo kwenye IRL, hajui kodi hii. Akitaka alipwe asilimia ya kodi «atakayoipunguza», au akitaja rafiki aliye ofisini, ondoka; makubaliano ya mdomo na mtu mmoja hayafungi ofisi, na mwaka ujao anakuja mwingine akiwa na faili ileile wazi.

Na kuna shauri ambalo bado linauzwa hapa mjini kama mkakati: kontra mbili, moja ya 300 ya kuonyesha, moja ya 600 ya kweli. Ni udanganyifu, na hata kwa hesabu tupu haushiki. Kampuni itaweka 600 kwenye vitabu vyake kwa sababu ni gharama yake. Mpangaji mliyegombana atatoa resi zake. Na mahakamani, ukimdai mpangaji malimbikizo, karatasi uliyoipeleka mwenyewe serikalini inasema pango ni 300.

Kwa nyumba ya urithi, kazi ya kwanza ya fidusieri isiwe hesabu bali majina: nani anapokea pango kwa niaba ya wote, kwa hati gani ya uwakilishi, na tangazo linatoka kwa jina gani. Hati za makato zikiwa na jina la kaka mkubwa, sertifika jina la baba, na akaunti jina la dada, ofisi haina namna ya kukuunganishia, na makato ya kampuni yanabaki yakielea bila mwenyewe.

Siku yenyewe

Farde (folda) moja kwa nyumba moja, kwa mpangilio huu: nakala ya sertifika, kontra zote kwa tarehe, karne au nakala zake, hati za makato na malipo yake ya banki, ushahidi wa miezi mitupu, Excel iliyochapwa, tangazo la mwaka na uthibitisho wa kulipwa. Ukurasa wa mbele uwe na jumla ya pango, makato na salio. Ajenti anayepata jibu la kwanza haraka hana sababu ya kufungua kabati.

Akifika, omba kuona *ordre de mission* (hati inayomtuma kazini): majina, kodi inayokaguliwa, miaka, tarehe, muhuri. Kama inasema IRL ya 2023 na 2024, toa ya 2023 na 2024 tu. Toa nakala, asili zibaki kwako, na kila karatasi inayoondoka iandikwe kwenye orodha yenye sahihi yake. Usisaini *procès-verbal* (taarifa rasmi ya kontroli) usiyoielewa. Una haki ya kuandika maoni yako hapohapo juu ya sahihi. Barua yoyote unayopokea baadaye, andika juu yake tarehe na saa ya kuipokea mbele ya aliyeileta, kwa sababu siku za kujibu zinahesabiwa kuanzia hapo, na majibu yapelekwe kwa maandishi na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kodi inalipwa banki kwa hati ya ofisi, si mkononi mwa mtu aliyekuja nyumbani. Kabla ya kuondoka kaunta soma jina, namba ya kodi, aina ya kodi na mwaka kwenye bordero (karatasi ya malipo ya banki). Malipo ya IRL yaliyoandikwa kwa makosa kuwa kodi ya ardhi na majengo yanakuacha ukidaiwa IRL yote, na kuyahamisha huchukua miezi ambayo penalite inaendelea kukua.